Zulia Jekundu na Mji Ulionyimwa Usiku: Mavazi, Umaarufu na Umbea katika Historia ya Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanayachukulia mavazi ya watu mashuhuri, pamoja na umbea unaoyazunguka, kuwa chanzo cha historia ya jiji la Bujumbura. Hoja yake ni kwamba umaarufu wa hadharani ulihitaji mambo mawili ambayo wenye mamlaka waliunyima mji huo kwa nyakati tofauti: uhuru wa mwanamke kuonekana bila kubandikwa jina na serikali, na usiku. Ndiyo sababu wanawake wa Bujumbura wanaofahamika zaidi kwa mitindo na jukwaa walipigiwa picha zao Paris na Cannes. Makala yanagusia pia wajibu wa taasisi za Kiswahili katika kuhifadhi kumbukumbu hizo.

Utangulizi

Jioni ya tarehe 12 Mei 2018, wanawake 82 walipanda kwa pamoja ngazi za jumba la tamasha la filamu la Cannes, kusini mwa Ufaransa, wakasimama katikati ya zulia jekundu. Idadi hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Tangu tamasha lianze mwaka 1946, waongozaji filamu wanawake waliowahi kuzipanda ngazi hizo kushindania tuzo kuu walikuwa 82 tu, ilhali wanaume walikuwa wamezidi 1,600. Cate Blanchett, mwenyekiti wa jopo la majaji, na mwongozaji mkongwe Agnès Varda walisoma tamko. Kesho yake kurasa za mitindo zilijaa picha, na chini ya kila picha palikuwa na maswali yaleyale ya siku zote: gauni la nani, mshonaji nani, nani kasimama karibu na nani.

Miongoni mwa majaji watano wanawake waliokuwa ngazini alikuwemo Khadja Nin, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1959 Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, na ambaye nyimbo zake nyingi zilizompatia jina ni za Kiswahili. Habari nyingi za Ulaya zilimtaja kwa maneno mawili, mwimbaji Mrundi, kisha zikapita. Katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili hali si bora zaidi. Makongamano yetu yamejadili kwa bidii mofolojia, tafsiri na sera za lugha, lakini Mswahili aliyekaa katika jopo la tamasha kubwa kuliko yote la filamu duniani hatujamtafutia mahali katika historia yetu.

Sababu moja inafahamika. Mambo ya mavazi ya mashuhuri tumeyaachia magazeti ya udaku, na neno udaku lenyewe limebeba dharau ya kutosha kumfukuza mtafiti. Hata hivyo, mwanahistoria wa Burundi hana anasa ya kuchagua vyanzo. Nyaraka za nchi hiyo kwa sehemu kubwa ni nyaraka za utawala na za mauaji. Anayezisoma peke yake huwakuta watu wa Bujumbura wakiwa wapiga kura, wakimbizi au maiti. Umbea huwaonyesha wakiwa wamevaa, wakitazamana, wakihukumiana. Warundi huuita uvumi ibihuha, na huutilia shaka kama inavyostahili. Lakini uvumi usio wa kweli kuhusu tukio huweza kuwa ushahidi wa kweli kuhusu wale wanaousambaza: walimwogopa nani, walimwonea nani wivu, na ni vazi gani lilitosha kumfanya mwanamke azungumzwe.

Jina lililotozwa kodi

Historia hii haianzii kwenye kamera. Inaanzia kwenye daftari la kodi.

Buyenzi ni mtaa uliopangwa na Wabelgiji kwa ajili ya Waswahili wa Usumbura, yaani Waislamu wenye asili mchanganyiko: Wamanyema, watu wa pwani, Wakongo, na wenyeji waliojiunga nao katika biashara na dini. Utawala ulitaka wakae pamoja ili waonekane, na ulitaka wasichanganyike sana na Warundi wa vilimani. Kwa macho ya mapadri na maafisa, Mswahili alikuwa mtu wa mjini asiye na chifu wa kumdhibiti, na lugha yake ilikuwa lugha ya ujanja. Dhana hiyo haijafutika kabisa; hadi leo nchini Burundi kumwita mtu Mswahili huweza kuwa sifa au tusi, kutegemea anayesema.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwatoza kodi wanawake wa mjini walioishi bila mume anayetambuliwa na sheria. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1991, ameonyesha jinsi kodi hiyo ilivyowachoma wanawake wa Buyenzi hata wakaipinga waziwazi. Fedha ilikuwa sehemu moja tu ya kero. Kodi iliwaweka katika kapu moja mjane, mtalaka, mke wa pili asiyekuwa kwenye cheti, na mwanamke aliyeishi kwa kuuza mapenzi, na mjini kapu hilo lilikuwa na jina moja: malaya. Mwanamke mcha Mungu aliyefiwa na mumewe alipokea stakabadhi iliyomtukana.

Hapa ndipo mtafiti wa umbea anapopaswa kukaa kwa muda. Kwa kawaida tunafikiri kwamba umbea huzaliwa uani na kupanda kuelekea serikalini. Buyenzi ilishuhudia kinyume chake: serikali ilichukua uvumi wa kawaida wa mtaani, kwamba mwanamke asiye na mume mlangoni lazima anajiuza, ikaugeuza kuwa kundi la kisheria, kisha ikaurudisha mtaani ukiwa na muhuri. Baada ya hapo, nguo nzuri ya mwanamke aliyeishi peke yake haikuwa nguo tu. Ilikuwa swali. Kikwembe kipya, kama watu wa Burundi na Kongo ya Mashariki wanavyokiita kitenge au kanga, kiliweza kumfanya jirani aulize kimenunuliwa na nani, na karani aulize kama mwenyewe yumo daftarini.

Kwa hiyo mapambano ya Buyenzi yalikuwa mapambano ya mtu kumiliki sura yake ya hadharani. Nasisitiza hili kwa sababu historia za kisiasa hulitaja, zikilitaja, kama mgogoro mdogo wa kodi uliowaandaa Waswahili kujiunga na siasa za uhuru. Lilikuwa hilo, na lilikuwa zaidi ya hilo. Zulia jekundu, likivuliwa taa na kamera, ni mahali ambapo mwanamke huonekana kwa masharti aliyoyakubali. Wanawake wa Buyenzi walidai jambo hilo bila zulia.

Mwana wa mfalme katika suti

Mtu mashuhuri wa kwanza wa Bujumbura kwa maana ya kisasa, yaani mtu ambaye watu wengi wasiowahi kukutana naye walijua alivyovaa na alikula wapi, alikuwa Louis Rwagasore. Alizaliwa mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, akaingia katika siasa akiwa na jina la ukoo na mwendo wa mjini. Alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara, akawa karibu na Waswahili wa Buyenzi, wake kwa waume, nao wakawa miongoni mwa wafuasi wa mwanzo wa chama chake cha UPRONA katika mji huo. Picha yake ijulikanayo nchini kote inamwonyesha katika suti na tai. Vazi hilo lilisema mambo mawili kwa pamoja. Kwa Mbelgiji lilisema, nami naweza kukaa mezani pako. Kwa kijana wa mtaani lilisema kwamba mtoto wa mfalme amekuja mjini.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64. Usiku wa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore, akiwa waziri mkuu kwa majuma machache tu, alipigwa risasi akila chakula katika mkahawa wa Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Kwa bahati tu, mwaka 1961 ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kwa zulia jekundu kutandikwa katika sherehe za tuzo za Oscar, desturi ambayo Hollywood ilikuwa imeianza mwaka 1922 katika uzinduzi wa filamu ya Robin Hood. Sitaki kuutwika mfanano huo uzito usioubeba. Lakini inafaa kukumbuka kwamba, wakati kwingineko usiku wa mjini ulikuwa ukigeuzwa kuwa jukwaa la mashuhuri, Bujumbura ilijifunza kwamba mashuhuri akionekana usiku, akiwa mezani, bila kuta, anaweza kuuawa.

Jumba la kifalme lenyewe halikudumu. Mwambutsa, ambaye mapenzi yake ya starehe za mjini na safari za Ulaya yalikuwa gumzo la kila siku, aliondoka nchini baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965. Mwanawe, Ntare V, alimwondoa madarakani Julai 1966, naye akaondolewa na Michel Micombero Novemba mwaka huohuo. Jamhuri ilikuja na sare za kijeshi.

Mji ulionyimwa usiku

Esther Kamatari alizaliwa Bujumbura mwaka 1951. Baba yake, Ignace Kamatari, ndugu wa Mwambutsa, aliuawa mwaka 1964. Binti aliondoka mwaka 1970 kwenda Paris, akawa mwanamitindo katika nyumba kubwa za mavazi za huko. Vyombo vya habari vya Ufaransa humtaja mara kwa mara kama mwanamitindo mweusi wa kwanza nchini humo. Mtafiti anapaswa kuwa mwangalifu na sifa ya “wa kwanza”, ambayo katika biashara ya mitindo hugawiwa kwa ukarimu, lakini hata tukiipunguza nusu yake, linabaki jambo la msingi: binti wa ukoo wa kifalme wa Burundi alipata jukwaa la kuvalia katika jiji la watu wengine, wakati kwao jina lake la ukoo lilikuwa hatari.

Magazeti yalipenda hadithi ya binti mfalme aliyekimbia na kung’ara. Ni hadithi tamu, na inapotosha. Inaifanya Bujumbura kuwa mahali pa kukimbiwa tu, na inamfanya Kamatari kuwa pambo la masimulizi ya Paris. Yeye mwenyewe alikataa nafasi hiyo. Mwaka 2001 alichapisha kitabu cha maisha yake, Princesse des Rugo, ambacho jina lake linabeba neno la Kirundi la boma la nyumbani. Kisha akaingia katika siasa za Burundi akiwa na chama cha Abahuza, akitaka kugombea urais mwaka 2005 na kurejesha ufalme wa kikatiba. Mwaka huo rais alichaguliwa na bunge, na mgombea alikuwa mmoja, Pierre Nkurunziza. Umaarufu wa mavazi haukugeuka kura, wala mfumo haukumpa nafasi ya kupima kama ungegeuka.

Khadja Nin alipata umaarufu wake katika miaka ya giza zaidi ya jiji alikozaliwa. Albamu ya Ya Pili ilitoka mwaka 1994 na Sambolera mwaka 1996. Tuweke tarehe hizo mbili kando ya nyingine. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vikafuata. Machi 1995 mitaa ya Bwiza na Buyenzi ilikumbwa na mauaji, na maelfu ya wakazi wakaihama. Julai 1996 Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo. Kiswahili kilikuwa kikiimbwa Brussels na Paris na mwanamke wa Usumbura, akiwa amevaa apendavyo mbele ya taa, wakati mtaa uliokilea Kiswahili hicho Bujumbura ulikuwa unapoteza watu wake.

Tena kulikuwa na amri ya kutotembea usiku, iliyoondolewa mwaka 2006. Sera za usalama huihesabu amri kama hiyo kwa saa na kwa vizuizi barabarani. Historia ya utamaduni inapaswa kuihesabu kwa namna nyingine. Uzinduzi wa filamu, onyesho la mavazi, dansi, usiku wa tuzo, hata harusi inayojiheshimu, vyote ni mambo ya baada ya magharibi. Mji usio na usiku hauwezi kutandika zulia. Fundi cherehani hushona sare ya shule na suti ya kanisani. Gauni la usiku hamshonei mtu, kwa sababu hakuna pa kwenda nalo. Vijana waliozaliwa kati ya 1980 na 1990 walikua wakijua mashuhuri ni watu wa redio na kanda za video, watu wa Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam. Hata Kidum, mmoja wa waimbaji wa Burundi wanaopendwa zaidi Afrika Mashariki, alijijenga Nairobi.

Filamu nayo inatoa ushahidi. Gito l’ingrat ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya Kirundi, ilitoka mwaka 1992, mwaka mmoja kabla ya vita. Ni kichekesho kuhusu kijana anayerudi Bujumbura kutoka Paris na shahada yake akitarajia uwaziri, kisha wanawake wake wawili, Mfaransa na Mrundi, wanaungana dhidi yake. Mambo yake yote ni ya umbea: majivuno, mapenzi ya siri, aibu ya hadharani. Mji ulikuwa tayari kujicheka. Ngabo huyohuyo alianzisha tamasha la filamu la Burundi, FESTICAB, mwaka 2009, miaka mitatu baada ya usiku kurudishwa. Siamini kwamba mpangilio huo wa miaka ni wa bahati. Lakini mwanya ulikuwa mfupi: Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura ziliharibiwa, na pamoja nazo ikapotea sauti iliyokuwa ikiwasimulia watu habari za wasanii wao katika lugha zao, Kiswahili kikiwemo.

Ngazi za Cannes, tena

Kwa mwanga huu ile Mei ya 2018 inasomeka tofauti. Miezi saba kabla yake, Oktoba 2017, amri ya rais ilikuwa imewakataza wanawake wa Burundi kupiga ngoma za kifalme, sanaa ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, na kuyaweka maonyesho yake chini ya kibali cha serikali. Utetezi ulikuwa ni mila. Huenda mila ilikuwa hivyo. Swali la kihistoria ni kwa nini mila ihitaji amri mwaka huo. Kama ilivyokuwa kwa kodi ya Buyenzi, mamlaka yalikuwa yanapanga nani aonekane hadharani na kwa sura gani.

Tarehe 16 Mei waigizaji 16 weusi na machotara wa Ufaransa, walioandika pamoja kitabu kilichoongozwa na Aïssa Maïga kuhusu ubaguzi katika kazi yao, walipanda ngazi zilezile wakiwa wamevaa Balmain. Khadja Nin, jaji, aliungana nao. Mavazi yalibuniwa na Olivier Rousteing, aliyelelewa Bordeaux na wazazi waliomwasili. Mwaka uliofuata, katika filamu ya hali halisi kuhusu maisha yake, alijua kwamba waliomzaa ni Msomali na Mhabeshi. Katika tamasha hilohilo Rafiki ya Wanuri Kahiu, yenye jina la Kiswahili, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi Cannes, nayo ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani tangu mwishoni mwa Aprili. Afrika Mashariki ilikuwa imejaa juu ya zulia lile kuliko tulivyokiri. Nairobi ilizungumza juu ya marufuku. Bujumbura, yenye redio chache na hofu nyingi, haikuwa na mahali pa kuzungumzia kwa sauti.

Kinachopaswa kukusanywa

Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa. Kwa Burundi uamuzi huo una uzito wa pekee, kwani unaziweka mezani pamoja lugha ya Buyenzi na lugha ya ofisi zilizoitilia Buyenzi shaka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina wajibu wa kutafiti lugha hiyo ilipo. Wajibu huo ukitafsiriwa kuwa kamusi na mitaala pekee, Buyenzi itabaki na msamiati bila watu.

Vitu vya kukusanya bado vipo, ila si kwa muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 kodi ilipotozwa katikati ya miaka ya 1950 sasa amekaribia au amepita 90. Picha za studio za mitaani, ambazo watu walipigwa wakiwa na saa ya kuazima na kikwembe cha sikukuu, zimo masandukuni na nyingine zimeungua. Mafundi cherehani wanakumbuka ni mshono gani uliombwa baada ya mwimbaji gani kuonekana, na kumbukumbu hiyo haijaandikwa popote. Wanajua pia lini imvutano, vazi la heshima la wanawake wa Kirundi, lilianza kushonewa vitambaa vipya vya kung’aa, na nani alilaumiwa kwa hilo. Kanda za vipindi vya redio vya kabla ya 2015, zile zilizonusurika, ziko mikononi mwa watu waliotawanyika Kigali, Brussels na kwingineko.

Kuna tatizo moja ambalo washauri wa sera wanapaswa kulitatua kabla ya mtafiti wa kwanza kutumwa. Kukusanya umbea ni kukusanya majina, na wanawake hawa walikwisha kuandikwa mara moja bila kuulizwa. Daftari la kodi lilijua nyumba zao, waume zao na talaka zao. Mradi utakaowafuata na kinasa sauti uanze na fomu ya idhini ya Kirundi na Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, imwachie msimulizi kuchagua jina atakaloitwa, na imruhusu kuchukua nakala ya picha yake na kuifungia ile inayobaki maktabani hadi atakapofariki, au daima, akitaka.